Ruksa na Uhuru

Katika lugha yetu yapo maneno mawili ambayo watu huyatumia kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja, nayo ni ruksa na uhuru. Mfanyakazi akipewa ruksa ya kwenda kwao likizo husema, "Sasa niko huru." Mtoto akiruhusiwa kutoka kwenda kucheza hukimbia kama aliyefunguliwa kifungoni. Mimi nadhani maneno haya si ndugu hata kidogo, na kwamba taifa zima laweza kuishi miaka mingi likisherehekea moja huku likidhani linasherehekea lingine. Jambo hili limenikaa moyoni tangu sikukuu moja ya Uhuru niliyoila pamoja na marafiki zangu, na ningependa, ndugu msomaji, tulitazame bila haraka.

Ruksa ina mwenyewe. Yuko aliyeitoa, na huyo aliyeitoa anaweza kuirudisha mfukoni kesho asubuhi bila kukueleza sababu. Ndiyo maana anayepewa ruksa hushukuru. Huinama kidogo na kusema ahsante mzee. Uhuru ni kitu kingine. Ni yale mambo ambayo mtu huyafanya tangu anapoamka hadi anapolala bila hata kufikiri kwamba yuko mtu angeweza kumkataza. Kwa kuwa hayafikiriwi, hayaonekani. Na kwa kuwa hayaonekani, hayana sherehe. Sherehe tumeipa bendera, gwaride, mizinga na ndege za jeshi zinazopita juu ya uwanja. Siyabezi mambo hayo. Nilikuwa mtoto wa miaka sita usiku ule wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, bendera ya Uingereza iliposhushwa Dar es Salaam na Mwenge ukawashwa kileleni Kilimanjaro. Kijijini kwetu hatukuona bendera wala Mwenge, lakini ngoma ilipigwa hadi jua likachomoza, na mimi sikuambiwa nikalale. Huo ndio uhuru wangu wa kwanza ninaoukumbuka.

Sisi ni marafiki sita. Tumezoeana tangu tukiwa vijana wa kazi, na tangu mwaka 1994 tumekuwa tukikutana kila tarehe 9 Desemba, kwa zamu, nyumbani kwa mmoja wetu. Kila mtu huja na chochote alichojaliwa. Hotuba ni marufuku. Hiyo ndiyo kanuni yetu ya pekee, na huvunjwa kila mwaka, mara nyingi na mimi.

Mwaka 2015 ilikuwa zamu ya rafiki yetu mhasibu anayekaa Tabata. Wasomaji watakumbuka kwamba mwaka ule hapakuwa na gwaride. Rais John Magufuli, aliyekuwa ameapishwa mwezi mmoja tu kabla, alifuta sherehe, akaagiza shilingi bilioni 4 zilizotengwa zipelekwe kupanua barabara ya Mwenge hadi Morocco, na wananchi wote washike mafagio. Kipindupindu kilikuwa kimelikamata jiji tangu Agosti. Basi asubuhi ile ya Jumatano tulijikuta sisi wazee na wake zetu tumeinama juu ya mtaro wa Tabata na makoleo, tukitoa matope, chupa za plastiki na kiatu kimoja kimoja. (Sijapata kuelewa kwa nini mitaro ya jiji hili hujaa kiatu kimoja. Cha pili huenda wapi?) Rafiki yetu fundi cherehani akaweka koleo chini akasema, "Jamani, uhuru gani huu wa kuamrishwa kufagia?" Tulicheka. Lakini mwenzetu muuguzi mstaafu, mama aliyewahi kufanya kazi katika wodi ya kipindupindu, hakucheka. "Kipindupindu hakiombi ruksa," alisema. "Endelea kuchota."

Mchana tukanawa, tukakaa chini ya mwembe. Palikuwa na pilau, kachumbari, mbuzi wa kuchoma, soda, na bia kwa wanaokunywa. Nadhani ni neno lile la ruksa lililokuwa bado linamzunguka muuguzi kichwani, maana katikati ya chakula alitutolea mchezo. Alisema kila mtu ataje jambo moja alilolifanya tangu jana ambalo zamani, katika maisha yake mwenyewe, asingeweza kulifanya bila kuomba ruksa.

Wa kwanza alikuwa dereva, aliyeendesha malori kwa miaka zaidi ya 30. Alisema jana yake amepokea magunia matatu ya mchele kutoka Kyela, na hakuna aliyemwuliza. Vijana hawawezi kujua uzito wa maneno hayo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nafaka ilikuwa haivuki kutoka mkoa hadi mkoa bila kibali, na barabarani palikuwa na vizuizi. Alitusimulia usiku aliolala kizuizini na gunia moja na nusu la mahindi aliyokuwa akimpelekea mama yake. Alikuwa na karatasi za saruji aliyobeba, na saruji ilikuwa tani kumi. Karatasi ya mahindi hakuwa nayo. Asubuhi akaachiwa yeye na saruji, mahindi yakabaki.

Fundi cherehani akasema, "Mimi nimenunua sukari kilo mbili." Pakawa kimya kidogo, kisha wote tukaangua kicheko, kile kicheko cha watu waliopona ugonjwa mmoja. Tulikuwa tumepanga foleni za sukari, za sabuni, za unga na za khanga. Tuliweka mawe kwenye mstari ili jiwe lisimame badala yetu tukienda kazini, na tuliheshimu mawe ya wenzetu, jambo ambalo mpaka leo hunifurahisha. Ilikupasa ujulikane kwa balozi wa nyumba kumi. Balozi akiwa na kinyongo nawe, chai yako ilikuwa chungu. Sababu za hali ile zilikuwa nyingi: vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, bei ya mafuta, ukame, na pia sera zetu wenyewe, kila mzee ana sababu anayoipenda kuliko nyingine, wala sitaki kuanzisha ugomvi. Ninachokisema ni kwamba Machi 1983 ilipotangazwa vita dhidi ya wahujumu uchumi, wapo watu wa kawaida kabisa waliotetemeka usiku kwa ajili ya miche michache ya sabuni iliyokuwa chini ya kitanda.

Mwaka huohuo ikaja sheria ya Nguvukazi. Mtu wa mjini akikutwa hana kazi inayotambulika aliweza kuchukuliwa na kupelekwa kijijini kulima. Mimi nilikuwa mwalimu wa sekondari, kazi ninayo, lakini nakumbuka kwamba nilikuwa siendi hata dukani kununua mafuta ya taa bila kitambulisho katika mfuko wa shati. Wakati wa manamba, wazee wetu katika mashamba ya mkonge walihesabiwa siku 30 za kazi kwenye kipande, na kipande kilikuwa ndicho mtu mwenyewe. Sikuwahi kufikiri kwamba nami, raia wa nchi huru, ningekuja kuigusa karatasi mfukoni kila nikikata kona.

Mwenye nyumba alitaja jambo dogo kuliko yote. Jumapili iliyopita amemchukua mkewe kwa gari kwenda kumwona mjukuu, saa tisa alasiri. Miaka ile magari binafsi yalikuwa hayaruhusiwi kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana, kwa kubana mafuta. Yeye alikuwa na kigari alichokopeshwa na shirika alilofanyia kazi, na kila Jumapili kilikuwa kikilala uani kama ng'ombe mgonjwa.

Zamu yangu ilipofika nilisema nimesoma magazeti matatu yanayopingana, kisha nikafungulia redio yenye mawazo ya nne. Tanzania Bara haikuwa na redio ya mtu binafsi wala kituo chochote cha televisheni hadi mwaka 1994.

Ilipofika miaka ya Rais Ali Hassan Mwinyi, aliyeshika nchi mwaka 1985, milango ikaanza kufunguka. Maduka yakajaa, mitumba ikaingia, nasi tukampa jina la mapenzi: Mzee Ruksa. Alifariki Februari 2024, na wengi walimlilia kwa jina hilo. Nami nilimpenda. Lakini lizingatie jina lenyewe. Tulikuwa tumezoea kunyimwa kiasi kwamba, tuliporudishiwa vitu vyetu, neno lililotutoka kinywani lilikuwa ruksa. Uhuru tayari tulikuwa tumelipa jina gazeti la chama.

Mama muuguzi, aliyeanzisha mchezo, aliuharibu mwenyewe kwa haki kabisa. Alituambia tusijifanye kana kwamba miaka ile ilikuwa usiku mtupu. Yeye ni binti wa mkulima asiye na kitu, naye alisomeshwa bila baba yake kuuza hata kuku. "Leo sukari ipo, na ruksa ninayo," alisema, "lakini nikishamaliza kulipa umeme naiangalia tu dukani." Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina jibu lililokamilika. Mlango uliofunguliwa mbele ya mtu asiye na miguu ni mlango, lakini hakufika popote.

Sasa palikuwepo na kijana wa mwenye nyumba, aliyekuwa mwaka wa pili chuo kikuu. Alikuwa amekaa pembeni akitusikiliza. Akaomba kusema. "Wazee wangu, msinichukulie vibaya. Nawasikia mnashukuru kwa sababu mmenunua sukari. Mimi siwezi kushukuru kwa kununua sukari. Nikishukuru, maana yake nimekubali kwamba yupo anayeweza kuninyima."

"Ngoja kwanza unyimwe, mwanangu," dereva akamjibu, na watu wakacheka. Kijana naye akacheka kwa adabu. Lakini neno lake lilinikaa, kwa sababu nusu yake ni kweli tupu. Shukrani ikielekezwa kwa mtawala huigeuza haki kuwa ruksa papo hapo. Mtu anayemshukuru kiongozi kwa kumwacha atembee barabarani ameshaiuza barabara.

Nusu ya pili ndiyo siikubali. Kijana alidhani kwamba kwa kuwa hakuna wa kushukuriwa, basi hakuna wa kukumbukwa, kana kwamba vitu hivi humea vyenyewe kama magugu. Haviko hivyo. Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba yetu mwaka 1984, na hata hapo ilingojwa hadi Machi 1988 ndipo mwananchi akaweza kwenda mahakamani kuzidai. Kuhesabu tangu mwaka 1961, hiyo ni miaka 27. Kisha mwaka 1991 ikaundwa Tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali kuwauliza wananchi kama wanataka chama kimoja au vyama vingi. Karibu wanne katika kila watano waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Tume ikapendekeza vyama vingi hata hivyo, ikaorodhesha na sheria 40 ilizoona ni mbaya, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Nimemfikiria sana yule mmoja katika kila watano. Alisimama mbele ya Tume, pengine jirani zake wakimtazama na balozi yupo, akasema analotaka. Sijui jina lake. Huyo ndiye ninayemkumbuka tarehe 9 Desemba, naye hakunipa ruksa yoyote.

Jibu la dereva nalo halikuwa mzaha kama tulivyodhani. Mwaka 2016, miezi michache tu baada ya pilau ile, mikutano ya hadhara ya vyama vya siasa ilizuiwa, na haikufunguliwa hadi Januari 2023. Mwaka 2018 zikaja kanuni za kumtaka mwenye blogu alipie leseni. Na naandika haya baada ya Oktoba 2025. Siku ya uchaguzi mkuu, tarehe 29 ya mwezi ule, ghasia zilizuka, watu wakapoteza maisha, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku, na intaneti ikazimwa kwa siku kadhaa. Sherehe za tarehe 9 Desemba zikafutwa, na ilipofika siku yenyewe wananchi wakatakiwa wabaki majumbani. Mwaka ule hatukukutana. Nilimpigia muuguzi simu, tukazungumza habari za mvua. Sote wawili tulijua kwa nini tunazungumza habari za mvua.

Lakini nirudi Tabata, maana jambo lililonifikirisha zaidi siku ile ya 2015 halikutoka kwa serikali yoyote.

Binti wa kazi wa nyumba ile, msichana wa miaka 19 aliyetoka Singida, alikuja kukusanya sahani. Muuguzi, ambaye hamsahau mtu, akamshika mkono. "Na wewe mwanangu, hebu tutajie. Umefanya nini leo bila kuomba ruksa?"

Yule binti akacheka, akaziba mdomo kwa pembe ya khanga. Kisha akamtazama mama mwenye nyumba. Ndipo akajibu, "Nimekunywa maji, bibi."

Watu walicheka, naye akacheka. Halafu kicheko kikakatika mahali fulani, na mama mwenye nyumba akasema kwa haraka kidogo, "Huyu ni mtoto wangu kabisa. Anakula tunachokula, anaumwa namtibu." Na ni kweli; nimeingia nyumba ile kwa miaka mingi, sijasikia binti yeyote akitukanwa. Simlinganishi na mtumwa, hata kidogo. Ana mshahara, na akichoka anaweza kufunga begi lake akaondoka, kama wengi wanavyoondoka. Hapa Tanganyika utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1922, miaka 39 tu kabla ya Uhuru, na neno hilo si la kuchezea.

Kilichonipata mimi ni lile jicho. Kabla hajasema alitazama. Nililijua jicho lile kwa sababu ndilo tulilokuwa nalo sisi, katika mabasi na vilabuni, miaka ya kitambulisho mfukoni: kwanza unatazama nani yuko, kisha unafungua mdomo. Na aliyekuwa akitazamwa wakati huu hakuwa mgambo wala balozi. Alikuwa mwanamke mwema, shemeji yangu wa hiari, aliyenipakulia pilau mara mbili. Huenda wema ndio unaolificha jambo. Bwana mwema hutoa ruksa kwa wingi, na anayepewa ruksa kwa wingi huona haya kutaja kwamba hana uhuru.

Watu wa pwani wana neno muungwana. Zamani lilikuwa na maana ya mtu huru, asiye mtumwa wa mtu. Siku hizi twalitumia kwa mtu mwenye adabu na utu. Napenda kwamba maana zote mbili zimelala katika neno moja, lakini pia zinanitia wasiwasi, kwa sababu mtu anaweza kushika ile ya pili kwa mkono wa kulia huku akiisahau ile ya kwanza. Unaweza kumtendea mtu kiungwana miaka yote bila kumwacha awe muungwana.

Kuna sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi saa 24 za mapumziko kila wiki, na anayefanya kazi siku ya sikukuu hulipwa mara mbili kwa saa alizofanya. Katika meza yetu aliyezijua hesabu hizi ni mmoja tu, mwenye nyumba, kwa kuwa alikuwa amewakokotolea wafanyakazi wa shirika kwa muda mrefu. Alizitaja mwenyewe, taratibu, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Mkewe akasema, "Sasa nani ataangalia watoto wa mwanangu?" Swali hilo lisidharauliwe. Uhuru wa yule mama kwenda kwenye kikundi chake cha kuweka na kukopa, uhuru wa binti yake kwenda kazini, hata uhuru wetu wa kukaa chini ya mwembe tukihesabu uhuru wetu, vyote vilikuwa vimekalia mgongo wa msichana mmoja jikoni. Akiondoka Jumapili, mtu mwingine atainama. Walibishana kidogo, kwa sauti ya chini, kisha wakakubaliana kwamba kuanzia Januari Jumapili zitakuwa zake, na kwamba siku ile atalipwa.

Miezi kadhaa baadaye mwenye nyumba alinilalamikia. "Nimempa Jumapili, hana anachokifanya! Nilidhani ataenda kusoma cherehani, au kwa shangazi yake Mbagala. Haendi. Anakaa kwenye ngazi za nyuma, amenyoosha miguu, anatazama barabara. Ukimwuliza, anasema anatazama tu." Ilimkera kweli. Alikuwa tayari kumpa binti siku nzima, lakini alitaka siku hiyo iwe na faida, iwe na hesabu inayofunga.

Nilimwuliza yeye alizifanyia nini Jumapili zake, enzi zile kigari kikilala uani. Akafikiri.

"Nilikuwa nakaa barazani," alisema, "natazama barabara tupu."

Yule binti, kwa habari nilizonazo, aliendelea kukaa kwenye ngazi zile kila Jumapili hadi alipoolewa mwaka 2018. Na barabara ya Tabata, kama ijulikanavyo, haiwi tupu.